Si Kila Uvimbe wa Kiungo ni Baridi Yabisi

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, ukungu huteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua na kuifunika miji ya Nyeri, Othaya na Karatina pamoja na vijiji vilivyo kandokando yake. Wachumaji wa majani chai huingia mashambani alfajiri, majani yangali yamelowa umande. Jioni si ajabu kumwona mama akishuka kwenye matatu ameshika goti kwa mkono mmoja na kikapu kwa mkono wa pili. Ukimwuliza ana nini, atakujibu kwa neno ambalo kila mkazi wa eneo hili analielewa bila kufafanuliwa: baridi.

Jibu hilo limezoeleka mno hata hakuna alitiliaye shaka. Jirani huliitikia, mwenye duka la dawa huliitikia, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya huliitikia. Sisi leo twaona yafaa litiliwe shaka, kwa sababu laweza kumgharimu mtu kiungo chake, na hata maisha yake.

Lugha yenyewe ina mchango wake katika kosa hili. Maradhi ya viungo tumezoea kuyaita baridi yabisi. Maneno hayo mawili yana asili ya Kiarabu: la kwanza halihitaji maelezo, na la pili lina maana ya ukavu. Yanatukumbusha utabibu wa kale, ulioamini kwamba mwili hutawaliwa na joto, baridi, unyevu na ukavu. Utabibu huo umepita, jina limebaki, na pamoja na jina imebaki imani kwamba aumwaye viungo amepigwa na baridi, na kwamba dawa yake ni blanketi, moto na mafuta ya kuchua.

Sayansi ya leo yasema vingine. Baridi yabisi ya aina iitwayo rumatoidi, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, haisababishwi na hali ya hewa. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, humgeuka mwenyewe na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huo huvimba, ukala gegedu, na hatimaye ukala mfupa. Baridi huweza kuyafanya maumivu yahisiwe zaidi, lakini si yo iliyouleta ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na maradhi haya, na kwamba takribani 70 katika kila 100 ni wanawake. Ugonjwa huu humpata mkazi wa Mombasa penye joto kama umpatavyo mkazi wa Nyeri.

Lakini shabaha yetu leo si baridi yabisi yenyewe. Ni adui mwingine ajifichaye ndani yake, nao ni uambukizo wa bakteria katika kiungo. Kiungo kilichokwisha kuharibiwa na maradhi ni kama nyumba yenye ukuta uliopasuka. Bakteria waingiao mwilini kupitia kidonda cha mguu, kisigino kilichopasuka, jipu au maambukizi ya njia ya mkojo husafiri katika damu, wakapata maskani humo kwa urahisi. Isitoshe, baadhi ya dawa zinazotolewa kuutuliza ugonjwa huo, hasa zile za jamii ya steroidi, hufanya kazi kwa kuipunguza nguvu kinga ya mwili. Ndiyo maana wenye baridi yabisi hupatwa na uambukizo wa viungo mara kadhaa zaidi ya watu wengine. Bakteria anayeongoza katika uharibifu huu ni Staphylococcus aureus, ambaye huishi kwenye ngozi na ndani ya pua za watu wengi walio wazima. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mwalimu wa kike wa shule ya msingi kule Mukurwe-ini, mwenye umri wa miaka 52. Ameishi na baridi yabisi miaka 11. Wanafunzi wake wameshazoea kumwona akibadilisha chaki kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na mwalimu mkuu ameshazoea kumpa darasa lililo karibu na lango. Jumatatu moja goti lake la kulia linavimba. Limekuwa la moto, na hawezi kulikunja wala kukanyagia mguu huo. Viungo vyake vingine vimetulia kama kawaida. Yeye mwenyewe anasema ni baridi ya Julai. Mumewe anasema ni baridi. Anaongeza vidonge vyake vya kutuliza maumivu, analichua goti, na anangoja siku ya kliniki, ambayo ni majuma mawili mbele.

Majuma hayo mawili ndiyo yenye kuamua. Usaha ulio ndani ya kiungo huweza kuanza kuiharibu gegedu katika muda wa siku chache tu, na gegedu ikishakufa haioti tena. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zaonyesha kwamba, miongoni mwa watu wazima wapatwao na uambukizo huu, hufa takribani mmoja katika kila kumi, na walio na baridi yabisi wamo katika hatari kubwa zaidi. Wengi waponao hubaki na kiungo kisichokunjika. Kwa mwalimu, hiyo ni maana ya kuacha kazi. Kwa mchumaji chai wa Tetu au Mathira, hiyo ni maana ya kukosa ada ya shule ya mtoto.

Kinachoifanya hali hii iwe ngumu ni kwamba dalili zake zafanana mno na za ugonjwa alio nao mtu siku zote. Maumivu yapo katika hali zote mbili. Uvimbe upo katika zote mbili. Homa, ambayo watu wengi huitegemea kuwa shahidi, huenda isiwepo kabisa, kwa kuwa dawa za steroidi huizima. Hata hivyo iko alama moja ambayo kila mwenye baridi yabisi, na kila aishiye naye, yampasa aijue: kiungo kimoja kinapoumwa na kuvimba ghafla kupita vingine vyote, hicho kihesabiwe kuwa kimeambukizwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aidha ieleweke kwamba kwa wagonjwa hawa uambukizo huweza kuvishika viungo viwili au zaidi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wingi wa viungo vinavyouma si kibali cha kulala usingizi.

Hapa ndipo linapoingia suala la picha za hospitali, na hapa pia ndipo tunapokuta kosa la pili, ambalo hufanywa hata na watu waliosoma. Wengi wetu twaamini kwamba mgonjwa akishapigwa picha, ukweli umejulikana. Akirudi na bahasha kubwa mkononi na neno kwamba mfupa hauna kitu, jamaa nzima hushukuru na kwenda zake nyumbani.

Tarehe 8 Novemba 1895 mwanafizikia wa Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen, aliigundua mionzi ya eksirei. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete aliyoivaa. Tangu hapo binadamu amejipatia macho mengine: mashine ya mawimbi ya sauti iitwayo ultrasaundi, mashine ya CT, iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 Mwingereza Godfrey Hounsfield pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg ambaye fikra zake zilianzia katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, na mashine ya MRI, itumiayo sumaku yenye nguvu. Kila jicho kati ya hayo huona jambo lake, na kila moja lina upofu wake.

Eksirei ndiyo ya bei nafuu na ndiyo ipatikanayo karibu zaidi. Huonyesha mfupa vizuri sana. Lakini katika siku za mwanzo za uambukizo mfupa huwa haujaguswa. Kilichopo ni majimaji na uvimbe wa nyama. Alama za mfupa kuliwa huchukua wiki moja hadi mbili kujitokeza. Kwa hiyo eksirei iliyo safi siku ya tatu haimaanishi kwamba kiungo ni salama. Na kwa mwenye baridi yabisi kuna tatizo la ziada: mifupa yake huenda ilikwisha kuliwa na ugonjwa wenyewe miaka mingi iliyopita, hivi kwamba asomaye picha hushindwa kutenganisha uharibifu wa zamani na wa jana. Ndiyo maana twawashauri wagonjwa wazihifadhi picha zao za zamani na kwenda nazo kila waendapo hospitalini. Picha ya mwaka juzi ni shahidi ambaye hakuna mashine mpya iwezayo kushika nafasi yake.

Ultrasaundi huona kile ambacho eksirei haikioni, yaani majimaji yaliyojikusanya ndani ya kiungo, hata yakiwa machache. Haina mionzi, yaweza kubebwa hadi kitandani mwa mgonjwa, na humsaidia daktari kuielekeza sindano mahali panapostahili, hasa katika nyonga ambayo iko ndani sana na haishikiki kwa vidole. Lakini ultrasaundi haiwezi kusema kwa hakika iwapo majimaji hayo ni usaha au ni yale ya baridi yabisi.

MRI ina jicho kali kupita yote mawili. Katika muda wa siku moja au mbili tangu uambukizo uanze, yaweza kuonyesha mabadiliko katika uboho wa mfupa na majipu yaliyojificha katika nyama za jirani. Hata hivyo gharama yake ni kubwa, na katika ugonjwa huu nayo hudanganyika: baridi yabisi iliyopamba moto yenyewe huunenepesha utando, hujaza kiungo maji na kuubadilisha uboho. Mtaalamu hodari anaweza kuitazama picha hiyo na bado asithubutu kuapa.

Ni kipi basi kiamuacho? Ni sindano. Maji ya kiungo yavutwe, yatazamwe rangi yake, yapelekwe maabara, zihesabiwe chembe nyeupe za damu, yapakwe rangi ya Gram na kuangaliwa kwa hadubini, kisha yaoteshwe ili bakteria ajulikane kwa jina pamoja na dawa imuuayo. Kazi hiyo ya kuvuta maji huchukua dakika chache, na haihitaji mtambo wa mamilioni ya shilingi. Yafaa ifanywe kabla mgonjwa hajapewa viuavijasumu, isipokuwa awe yu mahututi, kwa kuwa dawa ikitangulia, bakteria huweza kushindwa kuota maabarani na ushahidi ukapotea. Picha humwonyesha daktari mahali pa kuchoma na jinsi uharibifu ulivyoenea. Hukumu hutolewa na maabara.

Tukilielewa hilo, tutautazama kwa jicho jipya mjadala wa mitambo ya hospitali nchini. Mwezi Februari 2015 serikali kuu ilitia saini mkataba wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za rufaa za kitaifa. Miongoni mwake zilikuwamo mashine za eksirei na ultrasaundi. Hatukatai kwamba vifaa hivyo vilihitajika, na wako wagonjwa wengi waliofaidika navyo. Lakini Seneti ilipoichunguza kazi hiyo, kwa ripoti iliyotolewa mwaka 2020, mambo ya kusikitisha yalijitokeza. Gharama ziliongezeka pasipo kaunti kuelezwa vya kutosha, na katika baadhi ya hospitali mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa umeme wa kutegemewa, vyumba vinavyofaa au wataalamu wa kuzitumia. Tulinunua macho tukasahau kwamba macho huhitaji mtu wa kutazama.

Nyeri ina sababu ya kuyafikiria mambo haya kuliko sehemu nyingine nyingi. Mwaka 2018 kaunti hii ilichaguliwa, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, kuwa ya majaribio ya mpango wa afya kwa wote, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa maradhi ya kudumu yasiyoambukiza miongoni mwa wakazi wake. Ina hospitali ya rufaa ya kaunti, ina hospitali kongwe za kimisheni kama vile Consolata ya Mathari na ile ya Tumutumu karibu na Karatina, na ina hospitali ya Mwai Kibaki kule Othaya. Majirani zake wa Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki nao wana hospitali zao. Mgonjwa wa eneo hili hayuko jangwani. Lakini wataalamu wa maradhi ya viungo nchini ni wachache mno na wengi wao wako Nairobi, safari ya takribani kilomita 150 kutoka mjini Nyeri. Kwa mtu mwenye usaha gotini, safari hiyo pamoja na foleni yake huweza kumla siku ambazo hana.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, nayo si ya gharama ya kutisha. Kwanza, kila hospitali ya kaunti ndogo katika miji ya Mlima Kenya iwe na amri iliyobandikwa ukutani: mwenye baridi yabisi ajaye na kiungo kimoja kilichovimba ghafla aonwe siku hiyo hiyo, asiambiwe arudi siku ya kliniki. Pili, maafisa wa kliniki, ambao ndio waonao wagonjwa wengi mashinani, wafundishwe kuvuta maji ya kiungo na kutumia ultrasaundi ya kubebwa. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, yaani KMTC, kina tawi mjini Nyeri. Kazi hiyo yaweza kuanzia hapo hapo. Tatu, maabara zipewe uwezo wa kuotesha bakteria, kwa kuwa hakuna maana ya kuyavuta maji halafu yakaharibika chupani yakingoja gari la kuelekea mjini. Nne, picha ngumu kusomeka zitumwe kwa intaneti kwa wataalamu walio mbali, nao watoe maoni yao siku hiyo, badala ya mgonjwa kutumwa kuifuata elimu kwa mguu mmoja.

Wakuu wa serikali za kaunti, ambazo zimekabidhiwa jukumu la afya tangu mwaka 2013, wasituambie kwamba fedha hazitoshi huku wakizindua majengo mapya. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Tena wakumbuke kwamba mashine haigomi, bali watu wasiotendewa haki hugoma. Mgomo wa madaktari wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, na ule wa siku 56 uliomalizika Mei 2024, ilitufundisha kwamba mtambo wa thamani yoyote ni chuma baridi pale ambapo mwenye ujuzi hayupo.

Wananchi nao wana fungu lao la lawama. Imekuwa desturi kwa mtu kwenda katika duka la dawa na kuomba vidonge vya viungo kwa rangi yake, bila cheti cha daktari. Mara nyingine vidonge hivyo huwa ni steroidi. Humpa mnywaji nafuu ya siku mbili tatu, kisha huuficha moto ulio ndani ukaendelea kuunguza bila moshi. Wengine hununua viuavijasumu vya siku moja, wakaviacha maumivu yapunguapo. Twawasihi waache. Wakati huo huo twaonya kwamba mgonjwa asizitupe dawa alizoandikiwa na daktari kwa kuogopa maambukizi. Azitumie kama alivyoagizwa, na amweleze daktari mapema aonapo mabadiliko. Vidonda vya miguu vifungwe, na visigino vilivyopasuka visiachwe wazi shambani.

Na nyinyi walimu, pamoja na wanafunzi wenu, mna kazi ambayo hakuna waziri awezaye kuwafanyia. Somo la biolojia hufundisha kinga ya mwili na bakteria. Somo la fizikia hufundisha mionzi, sauti na sumaku. Ni mara chache masomo hayo huunganishwa juu ya goti la nyanya aliyeketi nyumbani. Mwanafunzi wa Kagumo au wa Tumutumu aelewaye kwamba eksirei haioni usaha anaweza kumwambia bibi yake jambo litakalomwokoa. Walimu wa Kiswahili nao walisimike neno gegedu, neno uambukizo na neno utando katika vinywa vya vijana, ili mgonjwa aweze kumweleza tabibu kilichomfika na kuelewa anachoelezwa. Taifa lisilo na maneno ya maradhi yake hubaki likisema baridi, baridi, hata pale ambapo kiungo kinawaka moto.

Jina la baridi yabisi hatutaki lifutwe. Ni urithi, na lina haki ya kuishi. Tunachotaka ni kwamba lisitumiwe kuufunga mlango wa maswali. Turudi kwa yule mwalimu wetu wa Mukurwe-ini, goti lake likiwa la moto Jumatatu ile. Lau angalikuwapo mtu mmoja tu nyumbani, mtoto au mume, wa kuuliza ni kwa nini goti hili moja na si mengine, angalifikishwa hospitalini Jumatatu hiyo hiyo, maji yakavutwa, na muhula uliofuata angalirudi darasani kwa miguu yake. Ajizi ni nyumba ya njaa, na katika ugonjwa huu ni nyumba ya ulemavu vilevile. Msimu mwingine wa ukungu utakuja. Kiungo kitakachovimba peke yake kikiwa cha moto, kisipewe blanketi. Kipelekwe hospitalini.